Mwanangu, habari ya vidole vyangu sikukwambia kweli

Mwambani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ile sauti uliyonitumia usiku wa Alhamisi nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa msalani, maana nyumba hii haina siri. Ndiyo sababu nakujibu kwa kalamu. Nikimaliza mdogo wako ataipiga picha akutumie, na nimemwambia asisome. Atasoma, namjua. Na asome tu, ameshakua.

Wauliza hivi: "Baba, mtu akitubu leo kesho akarudia, akatubu tena akarudia tena, Mungu hachoki? Mimi naona nimeshafungiwa mlango." Na kabla ya hapo ulishanieleza kuhusu shilingi 3,400,000 za kikoba, wenzako 22 waliokuchagua mweka hazina, ukazitia kwenye kubeti, ukakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili uzirudishe, na hizo nazo zikaenda huko huko. Jina lenyewe kausha damu, na bado ukaenda. Basi, sikugombezi. Nimekugombeza kimoyomoyo Ijumaa nzima, imetosha.

Ila mwishoni, kwa sauti ya chini, ulisema bora usingekuwepo. Hilo nalitanguliza. Kuanzia leo usilale peke yako. Nenda kwa mjomba wako Temeke, nimeshampigia. Kisa sikumwambia, nimemwambia tu akufungulie, na wewe mwambie hilo neno uliloniambia mimi. Mengine yote yana subira.

Ulipokuwa mdogo ulipenda kuuchezea mkono wangu wa kushoto. Wahesabu vidole, ukifika cha tatu wauliza viwili vimekwenda wapi. Nikakwambia papa. Ukawahadithia wenzako chuoni, ukawa mtoto wa mtu aliyepigana na papa, nami nikanyamaza. Hapakuwa na papa. Ilikuwa baruti.

Mwaka 1996 mimi nilikuwa mpiga baruti, navua samaki kwa mlipuko. Sheria ilishakataza tangu 1970 na sisi twajua, lakini pwani hii ilikuwa inanguruma mchana kweupe na watu barazani wanaendelea na kahawa yao. Chupa inarushwa, maji yanapanda, halafu panakuwa kimya. Wanaoelea unaokota. Wengine wanazama, hao hawamfai mtu. Ukizamia unakuta matumbawe yaliyokuwa bustani yamekuwa kokoto. Na pesa ya asubuhi moja ilikuwa inaishinda ya wiki nzima ya mshipi. Hili nakwambia makusudi, maana najua ulijisikiaje mkeka wako wa kwanza wa kubeti ulipotiki.

Mama yako ndiye aliyenigundua. Nilileta changu wawili wazuri, macho bado yang'aa. Akampasua mmoja, akapitisha kidole gumba ndani, kwenye uti wa mgongo. Umevunjika, na pembeni yake damu imevilia, nyeusi kama wanja. Akaibonyeza nyama, ikabonyea, haikurudi. Akampasua wa pili, naye hivyo hivyo. Hakupiga kelele. Akawafunga wote kwenye gazeti, akaosha kisu, akasema, "Sili mimi, na mtoto hali." Usiku ule tulikula ugali na mchunga. Nikaapa nimeacha. Wiki ya pili nikarudi. Nikaapa tena, nikarudi tena. Kwa hiyo kazi hiyo ya kutubu na kurudia usidhani wewe ndiye uliyeianzisha.

Safari ya mwisho nilimchukua kijana wa jirani, miaka 17, mama yake mjane. Utambi niliukata mimi, nikaukata mfupi. Chupa aliishika yeye. Nje ya kisiwa cha Yambe, asubuhi, bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Yeye alipoteza mkono mpaka kiwiko, mimi vidole viwili tu. Hiyo "tu" imenikwama kooni karibu miaka 30.

Miezi minne sikuswali. Si kwa ubishi, kwa aibu. Niliona mtu kama mimi kutandika msala ni kumfanyia Mungu mzaha. Mpaka siku moja maalim mmoja wa Ngamiani, marehemu sasa, akaniita barazani kwake. Nikamwambia maneno yale yale uliyoniambia wewe. Akacheka, kicheko cha tumboni, kikaniudhi. Kisha akanirudisha kwenye hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya yule mtu aliyeua watu 99. Umeisoma hiyo, lakini nadhani uliishika kama nilivyoishika mimi, nusu. Alimwendea mtawa kumwuliza kama ana toba, akaambiwa huna, akamuua naye wakatimia 100. Akamwendea mwanachuoni, huyo akamjibu: nani wa kusimama kati yako na toba? Hapo ndipo sisi tunapolia, tunajifuta, tunakwenda zetu nyumbani. Maalim akanigonga gotini. "Akamwambia nini tena?" Sikulijua. Akamwambia ahame. Nenda nchi fulani, wako watu wanamwabudu Mwenyezi Mungu, kaabudu nao, usirudi kwenu, kwenu ni kubaya. Mauti yakamkuta njiani. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania, ardhi ikapimwa, akakutwa karibu zaidi na kule alikokuwa akielekea, kwa shibiri moja.

"Hakufika," maalim akasema. "Alikutwa anakwenda."

Nikamwambia, lakini mimi sijioni kama nimesamehewa. Akasema hadithi haikutaja yule mtu alijionaje.

Basi, hachoki. Kuna mja katika hadithi nyingine alikosa akasema Mola wangu nisamehe, akakosa tena, akasema tena, na kila mara Mwenyezi Mungu akasema: mja wangu amejua kwamba ana Mola anayesamehe dhambi na anayeadhibu kwayo, nimemsamehe. Fungua Surat Zumar, aya ya 53, uone anavyowaita waliojidhulumu nafsi zao: enyi waja wangu. Jina hawakunyang'anywa. Na Nabii Yaakub, macho yameshapofuka kwa huzuni, aliwaambia wanawe nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na faraji ya Mwenyezi Mungu. Tazama kipi kilitangulia. Nendeni ilitangulia.

Ila usiyafanye haya mto wa kulalia. Fedha ya kikoba ni haki ya waja, na hao 22 hasamehi mtu kwa niaba yao.

Nilikwenda kwa mama wa yule kijana. Wewe wasema umefungiwa mlango. Mimi nilisikia komeo kwa masikio yangu. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikaacha kikapu kizingitini, tasi watatu na chewa mdogo, wa mshipi, uti mzima. Kesho yake kikapu kilikuwa nje, kitupu, kimeoshwa. Ikawa hivyo kila Ijumaa kwa miaka 11. Hakunisemesha hata siku moja. Alipofariki nilikaa nyuma kabisa ya watu, na yule kijana, mtu mzima sasa, akarudi nyuma akanivuta kwa mkono wake mmoja, tukaingia pamoja chini ya jeneza. Sikumwuliza kama mama yake aliacha neno. Mpaka leo sijamwuliza.

Deni la bahari ndilo sikujua nimlipe nani. Tulipoundiwa BMU hapa, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda pwani, niliomba kuingia. Walicheka soko zima, mwizi wa jana ndiye mlinzi wa leo. Lakini mshindo ukilia mimi nilikuwa najua umetoka mwamba gani, wao bado wanageuza shingo. Kokoto zetu za Yambe ziko pale pale. Nikipita huchungulia. Pembeni pameota kitumbawe, sasa kimefika kama birika la kahawa. Mwaka juzi kilikuwa kikombe.

Kwako kuhama ni hivi. Simu hiyo mpe mjomba wako, yeye akununulie kitochi. Jumamosi kikoba kinakaa, nawe utakwenda, usingoje wagundue wenyewe. Utasema kwa mdomo wako, kiasi chote, na za kausha damu usizifiche. Watakutukana, wana haki. Wakikupangia kulipa utalipa, wakikupeleka polisi tutakwenda wawili, maana mimi nitakuwepo, nyuma, karibu na mlango. Ile mashine ya boti ya farasi 15 kuna mtu wa Sahare anakuja kuitazama kesho. Haitatosha hata nusu, na si zawadi, utanirudishia. Zilizobaki utazipeleka mwenyewe mwezi kwa mwezi.

Nitapanda basi la kwanza Ijumaa. Swala nitaiwahi hapo kwenu.

Mama yako nimemsomea ile sehemu ya changu, nione kama nimekumbuka sawasawa. Amekaa kimya kidogo, halafu akasema halikuwa gazeti, lilikuwa jani la mgomba. Anakukaangia wawili, nitakuja nao.

Baba yako