Mwanangu, alilia huku akijua

Mwanangu,

Juzi usiku mtandao ulikatika kabla sijakujibu, na ilikuwa heri, maana ningekujibu mbiombio. Uliniuliza: kama Yesu ni Mungu, na alijua atafufuka siku ya tatu, aliumia nini hasa? Mwenzako wa chumba huko Lubumbashi anasema ni sawa na mtu kukopesha pesa akijua jioni atarudishiwa. Swali hilo si kosa. Hata padri muulize, usiogope.

Mimi teolojia sikusoma. Ila siku tulipomzika babu yako hapa Bukavu, wewe ukiwa bado mgongoni kwangu, alikuja mhubiri mmoja akatuamuru tunyamaze. Mkristo halii, alisema, mzee yuko mbinguni. Bibi yako akajiziba mdomo kwa kitenge. Nilimkasirikia yule mtu mpaka nikaiogopa hasira yangu mwenyewe. Usiku ule nikafungua Yohana sura ya 11.

Isome polepole. Yesu anapata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, anakaa siku mbili zaidi pale alipo. Kisha anawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha. Kwa hiyo anajua. Anafika Bethania, marehemu ana siku nne kaburini, na bado kitambo kidogo tu amwite atoke nje. Ningekuwa mimi, ningewaambia wale dada zake marehemu, pangusa machozi, utaona sasa hivi. Yeye alipomwona Maria analia, naye akalia. Askofu Mkuu wetu Munzihirwa, yule aliyeuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa na neno lake kwamba kuna mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyokwisha kulia. Mimi huona Bwana wetu alikuwa na macho ya namna hiyo.

Na wewe je? Uchungu wa kukuzaa ulinishika jioni hadi majogoo. Nilijua napata mtoto, nguo zako zilikuwa zimekunjwa pembeni ya kitanda. Kujua huko hakukunipunguzia hata punje. Mfano huu si wangu: Yesu mwenyewe aliwapa wanafunzi wake usiku wa mwisho, wa mwanamke anayezaa.

Muda mfupi baadaye, kule Gethsemane, aliomba kikombe kile kimwondokee, akarudia maombi yale yale mara tatu, na akawasihi rafiki zake wakeshe naye. Wakalala. Mtu anayeigiza maumivu hahitaji wa kukesha naye. Na Marko anaandika jambo ambalo watu hulipita: walipofika Golgotha walimpa divai yenye manemane, kinywaji ambacho wengi wanakieleza kuwa cha kutia ganzi. Akakikataa.

Swali la mwenzako ni la zamani sana. Tangu mwanzo walikuwepo waliosema mwili wake ulikuwa kivuli tu, mateso yake mfano tu. Mtakatifu Ignatius wa Antiokia, akipelekwa Roma kutupwa kwa wanyama wakali, aliwajibu kwa barua: kama aliteswa kwa kuonekana tu, mbona mimi nimefungwa minyororo? Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikuja kuliweka kwa maneno ya wasomi, Mungu kweli na mtu kweli, lakini mimi jibu la yule mfungwa linanitosha.

Babu yako alikuwa seremala, unalijua hilo, wewe uliyebeba jina lake. Kidole gumba chake kilikuwa na ukucha mweusi usiokwisha. Kila nikisoma kwamba Yesu naye alikuwa seremala, namwona akijigonga nyundo. Biblia haisemi, ni mawazo yangu tu.

Jambo moja nalikataa, nawe usilikubali. Hapa kwetu mwanamke akipigwa na mumewe huambiwa, vumilia mama, hata Yesu alivumilia. Soma Yohana 18. Yule mtumishi alipompiga kofi mbele ya kuhani mkuu, Yesu hakunyamaza, alimwuliza: kama nimesema vema, wanipigia nini? Msalaba aliupokea kwa hiari yake. Haukuwa ruhusa ya mtu kumsulubisha jirani.

Na alipofufuka hakuuvua ubinadamu kama koti. Matundu ya misumari yalibaki, Tomasi akaonyeshwa. Katika Luka aliwauliza kama wana chakula chochote, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao.

Sambaza wako, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nimekwisha kuwaanika. Nikipata mtu wa kuaminika anayekuja huko nitamkabidhi, na nimeongeza fungu la huyo mwenzako mwenye maswali.

Mama yako