Kuchagua bastola yenye kilengeo cha nukta nyekundu, kwa sisi tunaoishi pwani

Ukimwendea muuzaji wa silaha mwenye kibali siku hizi, utawekewa mezani bastola mbili au tatu ambazo kwa macho ya haraka hazitofautiani, kila moja ikiwa na kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya mwanga ya kulengea, kilichofungwa kiwandani, na muuzaji atakuwashia nukta hiyo na kukuachia uitazame ukutani mpaka moyo uridhike wenyewe. Nukta inavutia, sikatai. Lakini nukta za vilengeo vizuri karibu zote zinang'aa vivyo hivyo chini ya taa ya dukani, kwa hiyo ndicho kitu cha mwisho kinachofaa kukuamulia. Wanaoniuliza hapa Tanga huwaambia waanze na mkono, wafuate namna kilengeo kilivyofungwa, kisha hali ya hewa yetu na betri.

Nachukulia kwamba suala la kibali umekwisha kulishughulikia polisi kama Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inavyotaka, na kwamba hutatoa malipo ya awali kwa mtu yeyote kabla ya hapo.

Tukianza na mkono, mwombe muuzaji atoe magazini, yaani kisanduku cha risasi, na kukuonyesha chemba inamokaa risasi ya kufyatuliwa ikiwa tupu, kisha uikague mwenyewe kwa jicho na kwa kidole. Elekeza mdomo wa bastola kwenye ukuta ambao muuzaji amekuruhusu, weka kidole nje ya kifyatulio, fumba macho, inua mikono yote miwili mpaka usawa wa uso kama mtu anayelenga, kisha fumbua. Ikiwa nukta imekaa ndani ya kioo bila wewe kupinda kifundo cha mkono, mpini huo unakufaa. Ikiwa kioo ni kitupu na unaanza kuitafuta nukta kwa kuchezesha mdomo wa bastola juu na chini, mkono wako unakuambia jambo. Vilengeo vya chuma, vile vya kawaida vya mbele na nyuma, humvumilia mwenye mkono uliopinda kidogo, kwa sababu anaviona vikiwa vimepishana na kujisahihisha, ilhali nukta ikiwa nje ya kioo haikuonyeshi imejificha upande gani. Mpini wa Glock umelala zaidi kuliko wa SIG Sauer P365, na aliyezoea mmoja mara nyingi hukuta nukta ya mwingine iko juu mno au chini mno. Mazoezi hurekebisha hali hiyo, lakini mnunuzi ambaye hatapata nafasi ya kufika kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara hana sababu ya kujitwisha mzigo huo.

Kipimo hichohicho husaidia hata kati ya bastola za kampuni moja. Mwanzoni mwa 2025 Glock ilitangaza bastola zake kadhaa zikiwa zimefungwa kilengeo cha Aimpoint kiitwacho COA, zikiwemo 43X, 48, 19 na 45, na hizi ndizo ambazo watu huzichanganya zaidi. 43X na 48 zina mpini uleule mwembamba na magazini ya kawaida ya risasi 10. Tofauti iko kwenye mtutu, mmoja ukiwa na milimita 87 na mwingine 106, kwa hiyo mkono hautakuambia chochote na itakubidi uamue kwa namna utakavyoibeba. 19 na 45, kinyume chake, zina slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, za urefu mmoja, ila mpini wa 45 ni mrefu na hubeba risasi 17 badala ya 15. Kinachoonekana chini ya nguo ni mpini zaidi kuliko mtutu, na kwa joto letu, ambapo mtu anayejiheshimu huvaa shati jepesi la mikono mifupi kuanzia Novemba mpaka Machi, mpini wa 45 utajichora kiunoni kila ukiinama. Kwa mwanamume mwenye kiganja kikubwa ninapendekeza 19. Kwa wengine wengi, 48, kwa kuwa urefu wake hutulia vizuri zaidi kwenye holsta, ala ya kubebea bastola kiunoni, na haurushi mdomo juu kwa ukali wa 43X.

Baada ya mkono, tazama kilengeo kimeshikwaje. Kilengeo hiki hukaa juu ya slaidi, na slaidi hurudi nyuma na kugonga mbele kwa kila risasi, jambo linalomaanisha kwamba skrubu mbili ndogo ndizo zinazopokea mshtuko ambao mwili wa bastola haupati. Mfumo wa Glock uitwao MOS, uliotoka 2015, hutumia mabamba ya kati ili vilengeo vya kampuni mbalimbali viweze kufungwa, nao una faida ya kukuachia uhuru wa kubadilisha. Lakini kila bamba ni kiungo kimoja zaidi kinachoweza kulegea. Bastola ambayo slaidi yake imechongwa kwa ajili ya kilengeo kimoja haina bamba, kilengeo hukaa chini zaidi, na mzigo hubebwa na kuta za mchongo badala ya shingo za skrubu. COA imekwenda mbali zaidi: mbele hujibana chini ya ukingo na nyuma hukazwa na kabari. Kama huna mpango wa kubadilisha vilengeo, na wengi wetu hatuna, sioni sababu ya kulipia bamba.

Kwa vyovyote, chukua rangi ya kucha, hata ya mkeo kwa ruhusa yake, uchore mstari mwembamba unaoanzia juu ya kichwa cha skrubu na kuendelea kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika na vipande vyake viwili kutazamana kando, skrubu imezunguka, na hapo usipige risasi nyingine kabla ya kukaza na kulenga upya. Bastola niliyokuwa nayo awali, ya kampuni nisiyoitaja, ilitoka kiwandani skrubu ikiwa haikukazwa sawasawa, na ni mstari huo ulioniambia, kwa sababu kwa macho kilengeo kilionekana kimekaa imara kabisa.

Sasa hewa yetu. Vilengeo vya wazi, kama Trijicon RMR, Holosun 507K au SIG Romeo Zero, vina kitaa kidogo nyuma kinachorusha mwanga kwenye kioo kimoja cha mbele, na katikati yake hakuna kitu. Tone moja la jasho au la mvua ya masika likitua juu ya kitaa hicho, nukta husambaa ikawa doa lenye miguu. Uzi wa shati ukinasa pale, mambo ni hayohayo. Vilengeo vilivyozibwa, kama Aimpoint ACRO na COA, vina kioo mbele na nyuma, na kitaa kimo ndani. Uzito na bei huongezeka, ila kwa mtu anayeshinda Raskazone au bandarini, ambako upepo wa bahari huacha utando wa chumvi hata kwenye miwani, nafuu yake ni kubwa: kioo cha nje kinafutwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji matamu, kazi imekwisha. Ukungu, hata hivyo, hauchagui. Toka kwenye gari lenye kiyoyozi saa saba mchana na vioo vya aina zote mbili vitafifia kwa muda, ndiyo maana vilengeo vya chuma vinavyoonekana kupitia kioo hichohicho ni sharti kwangu. Bastola isiyo navyo, au yenye vilivyo vifupi kiasi cha kufunikwa na mwili wa kilengeo, huwa naiacha mezani.

Kuhusu betri, uliza mambo mawili tu: ni ya namba gani, na inatolewaje. CR2032 hupatikana Ngamiani kwa fundi saa yeyote na kwenye maduka ya kompyuta, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye bodi za kompyuta na funguo nyingi za magari. CR1632 itakubidi uitafute. Kutolewa ndiko kuzito zaidi. Romeo Zero na RMR ya kawaida huwekwa betri kwa chini, kwa hiyo kubadilisha betri ni kukifungua kilengeo chote, kukifunga upya kwa mkazo uleule, na kwenda kuhakiki shabaha, jambo ambalo kwa mkazi wa Tanga si la kufanya jioni moja. 507K ina trei pembeni, na ACRO P-2 ina kifuniko pembeni, na zote hubadilishwa bila kugusa skrubu za kufungia. Aimpoint hutaja saa 50,000 kwa ACRO P-2, yaani zaidi ya miaka mitano na nusu ikiwaka mfululizo. Mimi sisubiri, kila unapoandama mwezi wa Ramadhani naweka mpya.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa kipimo cha pembe kinachoandikwa MOA. Nukta ya 3.5 hufunika takribani sentimita mbili na nusu kwenye umbali wa mita 25, na ya 6 hufunika kama sentimita nne na nusu. Kwa bastola ya kujilinda ndani ya nyumba zote zinatosha, ingawa wenye umri wangu huipata kubwa kwa haraka zaidi. Ikiwa nukta inaonekana kama nyota au ina mkia, usimlaumu muuzaji kwanza: ipige picha kwa simu, na kama kwenye picha ni duara safi, tatizo liko kwenye jicho lako na miwani inaweza kulimaliza. Jihadhari pia na vilengeo vinavyojipangia mwanga vyenyewe bila vitufe. Hupima mwanga wa mahali ulipo wewe, kwa hiyo ukisimama gizani na kumulika ukuta mweupe kwa tochi, nukta hubaki hafifu na kumezwa na weupe ule.

Kabla hujaondoka na boksi, hakikisha ndani yake mna ufunguo wa skrubu za kilengeo, skrubu za akiba, na karatasi inayotaja kiwango cha kukazia, na kama bastola ni ya mabamba, mna pia kifuniko cha kuziba mchongo siku kilengeo kitakapokwenda kwa fundi. Holsta nayo ijaribiwe palepale bastola ikiwa tupu, kwa sababu nyingi zilizoko madukani zilikatwa kabla ya vilengeo hivi kuwapo, na ukingo wake hugonga kioo kabla bastola haijafika chini.