Rangi ikigandia kwenye sindano ya eabrashi, usikimbilie presha

Nyie mnaoanza kupuliza rangi za akriliki kwenye modeli za plastiki kwa eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, kuna kitu kimoja kitawavunja moyo mapema kuliko vingine vyote. Unapuliza fresh tu dakika mbili tatu, mara rangi inaanza kwenda upande, mara haitoki kabisa, unavuta triga zaidi, inakohoa, halafu tone zito linatua katikati ya bawa ulilokuwa umeshalimaliza. Mimi bawa la modeli ya ndege ya Spitfire ya skeli 1/72 liliniharibikia hivyo hivyo, rangi ikajaa kwenye ile mistari ya paneli ikafukia kila kitu, na kwenye skeli ndogo kama ile mstari ukishafukiwa ni kuvua rangi yote au kuuchonga upya, hakuna njia ya mkato.

Sasa elewa kinachotokea pale mbele. Ncha ya sindano muda wote ina utando kidogo wa rangi, na hewa inapita hapo kwa kasi kubwa, akriliki nayo inakauka haraka, kwa hiyo utando unakauka, mwingine unashika juu yake, mpaka kinatokea kiganda. Kile kiganda ndo kinapindisha rangi, na kikibanduka ndo unaona yale matone. Wengi hapo wanapandisha presha ya hewa. Jamani msifanye hivyo! Hewa ikizidi, ncha inakauka haraka zaidi, na hata rangi inayotoka inafika kwenye modeli imeshaanza kukauka hewani, ukigusa unasikia kama mchanga.

Dawa ya kwanza ni kuzimua rangi vizuri. Watu wanasema iwe kama maziwa na ni kweli, ila maziwa yasiyo na mafuta, siyo mtindi. Idondoshe kwenye ukuta wa kikombe uangalie, ikiteremka yenyewe ikaacha utando mwepesi tu nyuma yake hapo sawa, ikibaki imeng'ang'ania ukutani bado nzito. Rangi za Tamiya mimi naanza nusu kwa nusu, na kwa kazi ndogo ndogo naenda hadi sehemu mbili za thina, kimiminika cha kuzimulia, kwa sehemu moja ya rangi. Presha psi 15 mpaka 20 inatosha, na kadiri unavyozimua ndo unavyoshusha, maana rangi nyepesi kwenye presha kubwa inatambaa juu ya plastiki na kutoa miguu kama buibui.

Na thina msichanganye changanye tu. Tamiya ina alkoholi ndani, inaenda vizuri na thina yake ya X-20A, na hata thina za laka kama Mr. Leveling Thinner inazikubali vizuri sana, hiyo ya mwisho ina ritada ndani kwa hiyo rangi haikauki haraka. Lakini Vallejo, aina nyingine ya rangi, ni ya maji, ukiitilia thina ya laka inaganda kama gundi na utakaa jioni nzima unafungua nozeli, kile kitundu cha mbele kinachotoa rangi. Yenyewe itumie na thina yake pamoja na matone machache ya flo impruva, kimiminika cha kusaidia rangi itiririke. Usizidishe, ikizidi rangi inachelewa sana kukauka na haishiki vizuri.

Kwa sisi wa Dar kuna jambo la feni. Joto lenyewe tayari linakausha rangi, halafu unawasha feni inakupiga wewe na meza na eabrashi yako. Igeuzie dirishani itoe hewa nje, na hiyo inakusaidia na mvuke wa thina pia, maski ya kuchuja mvuke vaa hata kama unatumia akriliki. Mimi napuliza alfajiri, tofauti naiona.

Hata ukizimua vizuri kiasi gani ncha itashika rangi tu, hiyo ikubali mapema. Weka pamba za masikio zilizoloweshwa thina karibu na mkono, kila baada ya dakika chache futa ncha taratibu ukielekea mbele, usiisukume kurudi nyuma, ile ncha ya sindano ya 0.3 mm inapinda kwa kuguswa kidogo na ikipinda kiganda kinajishikia hapo kila siku. Na triga iwe na utaratibu: hewa kwanza ndo rangi, ukiacha unafunga rangi kwanza, hewa inamalizia kusafisha ncha. Anza kupuliza ukiwa nje ya modeli, pita juu, malizia nje, usisimame wala usigeuzie mkono juu ya plastiki, maana pale unapogeuza ndo rangi inarundikana.

Tabaka la kwanza likiwa linaonyesha plastiki chini usihangaike, ndivyo linavyotakiwa. Nusu shubiri kutoka kwenye modeli, pita nyepesi, subiri mng'ao wa unyevu upotee, pita tena, tatu au nne zinatosha. Ukitaka ifunike kwa mara moja utafunika na mistari yote. Sehemu inayosahaulika ni pembezoni mwa tepu ya kufunika sehemu usizotaka zipate rangi, ukipuliza kuelekea kwenye ukingo wa tepu rangi inajaa pale kama inajenga ukuta, ukibandua unakuta ngazi inayoshikika kwa kucha. Puliza kutoka kwenye tepu kwenda nje, na tepu itoe mapema, usiiache siku tatu.

Halafu shingo ya kichupa cha rangi ifute kila ukifunga, vile vipande vikavu vya kwenye mfuniko ndo vinadondoka ndani na kuja kuziba nozeli, mimi rangi ya zamani naichuja kwanza kwa kipande cha soksi ya nailoni ndo inaingia kwenye kikombe.