Kabla Hujakubali Kuwa Mpiganaji wa Timu

Kijana mmoja wa Winnipeg ameniandikia. Anacheza hoki ya barafuni, na kocha wake amemwambia kwa mwili alionao aachane na habari za magoli, kazi yake iwe kuwalinda wenzake kwa ngumi. Anauliza, akubali?

Mdogo wangu, kazi hiyo niliifanya kwenye ligi za chini huku Kanada mpaka bega likagoma, na sipendi kusikia mtu akiidharau. Mchezaji wetu fundi akigongwa vibaya, benchi zima lilinitazama mimi. Unatupa glavu, unakamata jezi ya mwenzio begani, upande wa mkono anaopigia, ili ngumi yake isifike. Kamba ya nyuma ya jezi yako iwe imefungwa kwenye suruali, vinginevyo ataivuta ikufunike kichwa, upigwe huoni kitu. Kisha dakika 5 kwenye kibanda cha adhabu, huku ukumbi mzima unaita jina lako. Utamu wake naujua.

Lakini usiku wa kuamkia mechi hulali, maana unajua kesho unapigana na nani. Na bega lilipoharibika, klabu iliniaga kwa simu fupi tu. Niliowapigania hawakunitafuta hata mmoja. Inaniuma mpaka leo.

Mtazame Derek Boogaard, mpiganaji aliyeogopwa NHL nzima, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Mechi 277, magoli 3. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, kwa dawa za maumivu zilizochanganyika na pombe. Ubongo wake ulipopimwa ulikutwa na CTE, maradhi yanayohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara. Bob Probert, mpiganaji mwingine wa NHL aliyefariki mwaka 2010, alikutwa nayo pia.

Na kazi yenyewe inakwisha. Dave Schultz, mpiganaji wa timu ya Philadelphia, alipewa adhabu za dakika 472 msimu wa 1974–75. Siku hizi kocha hamvumilii mtu wa namna hiyo, anataka wenye kasi.

Kwa hiyo jifunze kuteleza, yaani kukimbia vizuri na viatu vya barafuni. Baki uwanjani wenzako wakiondoka, uteleze kinyumenyume mpaka miguu ikubali. Ukigongwa kichwa, sema siku hiyo hiyo, usijikaze kiume. Kidonge cha maumivu akupe daktari, si rafiki wa chumba cha kubadilishia nguo. Vijana wetu mnapenda sifa za haraka, nami nawaambia tena: jifunzeni kuteleza!

Kocha wako mwulize atakupa dakika ngapi za kucheza ambazo si za ngumi. Akibabaika, tafuta timu nyingine kabla msimu haujaanza.