Usimwambie Mpimaji "Niko Sawa"

Nilitoka jeshi la Marekani na mgongo uliochoshwa na shanta, pamoja na nyonga ya kulia inayochoma kila nikishuka kwenye gari. Nikaomba fidia VA, idara ya maveterani, nikapelekwa kwa mpimaji wa afya. Barua ikaja: mgongo asilimia 10 ya ulemavu, nyonga imekataliwa.

Nilifoka wiki nzima kabla ya kuomba nakala ya ripoti ya upimaji. Nanyi anzeni hapo. Mstari wa kwanza ulisema mgonjwa anajisikia vizuri. Nikakumbuka: mpimaji alipoingia alinijulia hali, nami nikajibu "niko sawa, asante." Kwetu hata ukiwa na homa unajibu "nzuri". Aliponiambia niiname, nikainama kama niko gwaride, nimeuma meno. Hakuuliza maumivu yanaanzia wapi, na mimi kwa ujinga wa kiume sikusema.

Kumbe mgongo wa chini unahesabiwa kwa digrii. Kuinama kamili ni 90. Ukivuka 60 lakini usipite 85, unapata asilimia 10. Ukivuka 30 na kuishia 60, ni 20. Ukigota 30 au chini yake, ni 40. Kwa hiyo maumivu yanapoanza kukuzuia, sema "hapa" kwa sauti, na ueleze siku yakichachamaa unashindwa kufanya nini. Mahakama ilishaamua mwaka 1995, katika kesi ya DeLuca, kwamba hayo nayo yapimwe. Kwenye nyonga kuna kipimo ambacho wengi hawakijui: kushindwa kukunja nne tu kunatosha kukupa asilimia 10. Mimi soksi ya kulia navalishwa na mke wangu.

Tangu Februari 2019 njia za rufaa ni tatu. Ya kwanza ni kupitiwa upya na afisa wa ngazi ya juu, ila huruhusiwi kuongeza ushahidi. Inafaa kama kosa limo ndani ya faili. Ya pili, kwenda kwa jaji wa Bodi ya rufaa ya maveterani, inahitaji subira. Mimi nilituma dai la nyongeza, linalotaka ushahidi mpya unaohusika. Lolote utakalochagua, lifike ndani ya mwaka mmodi tangu tarehe ya barua, usije ukapoteza malipo ya nyuma.

Daktari wangu alinipima upya, akaandika kwamba kuchechemea kwa sababu ya mgongo ndiko kulikoiumiza nyonga, kwa uwezekano wa "angalau nusu kwa nusu". Usikubali aandike "huenda". Neno hilo halina uzito. Mke wangu naye aliandika habari za soksi, nusu ukurasa, bila mapambo. Mwakilishi wa chama cha maveterani aliyepanga karatasi hakunitoza hata senti (DAV na VFW wanao), basi mkwepe anayetaka asilimia yako kwa kujaza fomu ya kwanza.

Mgongo ukapanda hadi 20, nyonga ikapata 10. Hesabu yao haijumlishi kama ya sokoni: wanachukua asilimia 10 ya ile 80 iliyobaki, yaani 8, wanaiongeza kwenye 20, inakuwa 28, kisha wanakaribisha hadi 30.

Ganzi inayoshuka mguuni hadi kisiginoni hupewa asilimia yake kando. Sikuitaja mara zote mbili. Dai lake nimelituma Jumatatu.