Kabla hujamwita mwenzako: Linux kwa wanaoanza hapa Lubumbashi

Miongozo mingi ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, iliyoko mtandaoni imeandikwa na watu wenye klavye ya Kimarekani, umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa kwa mega. Wewe uko Lubumbashi. Mashini yako uliinunua ikiwa imeshatumika, betri yake haishiki, na faili ya kusimikia mfumo uliipata kwenye fleshi ya mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. Kwa hiyo matatizo yako ya wiki za kwanza hayatafanana na yale ya mwongozo, na jirani wa Katuba au Kampemba aliyekwisha kuyapitia atakufaa kuliko kurasa nyingi za wageni. Ila jirani huyo si mganga. Mpelekee jambo lenye kichwa na miguu.

Nianze na klavye, maana ndiyo inayowafungia watu nje ya mashini zao mapema kabisa. Mashini nyingi mjini ni za AZERTY, klavye ya wanaoandika Kifaransa ambayo herufi zake za juu zinaanza na A, Z, E, R, T, Y. Wakati wa kusimika, mfumo unauliza mpangilio wa klavye, na mwenye haraka anauacha ule wa Kimarekani uliochaguliwa tayari. Anaandika nenosiri, linakubaliwa, kila kitu ni shwari. Siku mbili tatu baadaye anabadili mpangilio uwe wa Kifaransa ili aandike barua zake vizuri, na tangu hapo nenosiri linakataliwa. Sababu ni nyepesi: siku ile alibonyeza kitufe chenye `a`, mfumo ukapokea `q`. Alibonyeza `z`, ukapokea `w`. Tarakimu nazo, ambazo kwenye AZERTY zinatoka kwa kushikilia Shift, ziliingia kama `!` na `@` na wenzake. Usikimbilie kusimika upya. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, upate skrini nyeusi inayouliza jina, na mahali pa jina uandike nenosiri lako. Hapo herufi zinaonekana, utajua mashini inasoma nini. Jua tu kwamba aliye nyuma yako anaona pia.

Kuna jambo la pili ambalo miongozo ya Wafaransa haitakuambia. AZERTY ya Ubelgiji si sawa na ya Ufaransa, na hapa kwetu zote mbili zipo. Mstari wima `|`, ambao kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, utauhitaji kila siku, kwa Mbelgiji unatoka kwa AltGr na 1, kwa Mfaransa kwa AltGr na 6. Alama ya `@` ni AltGr na 2 kwa wa kwanza, AltGr na 0 kwa wa pili. Kama alama zilizochorwa kwenye vitufe hazilingani na zinazotokea, kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux, piga `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration` uchague nchi inayostahili (`sudo` inaipa amri mamlaka ya msimamizi). Na ikiwa unaandika nenosiri la `sudo` na hakuna hata nyota inayojitokeza, klavye haijafa. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

Halafu saa. Mashini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huwa betri yake ndogo ya ndani imekwisha, na kila ikizimwa inarudi miaka ya nyuma. Anayeanza hatazami saa, anatazama kosa: `apt update`, inayosasisha orodha ya programu, inasema `Release file for ... is not valid yet`, kivinjari kinadai kila tovuti si salama, naye anaamini intaneti imeharibika. Piga `timedatectl` kwanza. Ikiwa mwaka umekosewa, rekebisha kwa `sudo date -s` ukifuatisha tarehe na saa sahihi, kisha tafuta betri mpya. Mara nyingi ni ile ya duara, CR2032, ya volti 3. Wakati huohuo angalia majira ya saa. Nchi yetu ina majira mawili, na ukichagua Kinshasa utakuwa nyuma kwa saa moja. Yetu yamo kwenye orodha kwa jina lake: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`. Wenye Windows na Linux kwenye mashini moja wataona kitu kingine, saa kuruka kwa masaa mawili wakihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Windows inaichukulia saa ya ndani kuwa saa ya hapa, Linux inaichukulia kuwa ya UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa mawili. `timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha.

Kuhusu ile fleshi inayozunguka mjini: uliza toleo kabla ya kushukuru. Ubuntu inatoa toleo kila miezi sita, lakini ni yale ya mwezi wa nne wa miaka isiyo witiri, kama 22.04 na 24.04, yanayotunzwa miaka mitano. Mengine yanatunzwa miezi tisa tu, kisha paketi zake, yaani faili za programu, zinahamishiwa ghala la matoleo ya zamani. Ukisimika toleo lililokufa, `apt update` itakujibu 404, yaani haikupatikana, mstari kwa mstari, na hakuna mtu kwenye kundi la kusaidiana atakayekuponya zaidi ya kukuambia utafute jipya. Wenye mashini kuukuu za biti 32 wajue kwamba Debian 12, ya mwaka 2023, ndiyo ya mwisho yenye kisimikio cha mashini hizo; Debian 13 ya 2025 imekiondoa. Debian 12 hiyohiyo ndiyo iliyoanza kubeba ndani ya kisimikio programu za vifaa (firmware) zisizo huru, ndiyo maana Wi-Fi nyingi zilizokuwa zikigoma sasa zinaamka zenyewe. Ikigoma hata hivyo, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi Linux inaiona simu bila dereva ya ziada, na kwa njia hiyo unapakua kinachokosekana.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, na betri haipo, utakutana na moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni `dpkg was interrupted`, na ujumbe wenyewe unataja dawa: `sudo dpkg --configure -a`. Ukimaliza ongeza `sudo apt --fix-broken install`. La pili linatisha zaidi kwa macho: mashini inasimama kwenye `(initramfs)` na kusema `RUN fsck MANUALLY`. Soma juu kidogo, jina la sehemu ya diski limeandikwa, tuseme `/dev/sda2`. Andika `fsck -y /dev/sda2` kwa jina uliloliona wewe, si langu, kisha `reboot`. Mara nyingi inaamka. Ikirudia bila umeme kukatika, diski inakufa. Nakili kazi zako leo.

Mega nazo zina adabu yake. Kabla ya kusimika kitu, `apt` inakutajia kiasi itakachopakua, halafu mara nyingi inasubiri jibu. Watu wanaandika `-y`, yaani ndiyo kabla ya kuulizwa, kwa mazoea kisha wanalia. Mkiwa watatu wanne wenye toleo moja, mmoja apakue kwa `sudo apt-get install -d` na jina la programu, paketi zibaki `/var/cache/apt/archives`, azinakili kwenye fleshi, na wengine wasimike kwa `sudo apt install ./*.deb`. Angalizo: mpakuaji awe yule mwenye mashini tupu zaidi. Aliye na vitu vingi tayari hatapakua vile alivyonavyo, na ninyi mtakwama kwa kukosa hivyohivyo.

Sasa namna ya kuomba msaada, wadogo zangu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. "Linux yangu haifanyi" si swali. Wala picha ya skrini iliyopigwa gizani kwa simu, kosa lenyewe likiwa limekatwa pembeni. Nakili maneno. Ikiwa mfumo wako uko kwa Kifaransa, rudia amri ukianza na `LC_ALL=C`, kwa mfano `LC_ALL=C apt list`, nayo itajibu kwa Kiingereza; si kwa kupenda Kiingereza, ila ujumbe wa Kiingereza ukiutafuta mtandaoni unapata waliokutana nao, wa Kifaransa mara nyingi unaangukia patupu. Pale amri inapohitaji `sudo`, andika `sudo LC_ALL=C` na kuendelea. Weka pia mistari michache ya `cat /etc/os-release`, na kwa jambo la kifaa, matokeo ya `lspci -nnk` au `lsusb`, zinazoorodhesha vifaa vya mashini. Kwa mashini iliyokwama kuwaka jana na leo imewaka, `journalctl -b -1 -p err` inaonyesha makosa ya mwasho uliopita, mradi kumbukumbu zinahifadhiwa.

Na kitu ambacho wengi wanakificha: ulibadilisha nini mara ya mwisho? Ilifanya kazi Jumamosi, Jumatatu haifanyi, katikati kulitokea jambo. Hakuna atakayekucheka. Piga `history | tail -40`, futa kwanza kama kuna nenosiri humo, ututumie.

Mkisaidiana kwa WhatsApp, simu yenyewe inaweza kuwa adui. Inageuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, na `Sudo` kwa Linux si `sudo`. Jibu lake ni `command not found`. Vistari viwili vya `--` simu nyingine inaviunganisha kuwa kimoja kirefu, na nyota mbili zinaliwa ili maneno yawe mazito. Zungushia amri alama tatu za backtick, zile za AltGr na 7 kwenye klavye ya Ufaransa, ujumbe utabaki ulivyo. Skripti, yaani faili yenye amri za kufuatana, iliyopitia Windows ina ugonjwa wake pia: `bad interpreter` na `^M` mwishoni. `sed -i 's/\r$//'` na jina la faili inatosha.

Kuna ushauri wa kukataa hata ukitoka kwa mkubwa wako. Ukisoma `Permission denied`, atatokea mmoja wa kukuambia `chmod -R 777`, inayomruhusu kila mtu kusoma na kuandika faili zote. Ukiifanya kwenye `/etc`, `sudo` yenyewe itagoma, kwa sababu haikubali faili yake ya `sudoers` iandikwe na kila mtu. Na `ssh`, programu ya kuingia mashini ya mbali, inakataa ufunguo wa siri ulioachwa wazi. Muulize mshauri: faili gani, ya nani, na kwa nini? `ls -l` inajibu mawili ya kwanza. Vivyo hivyo `Could not get lock`: mfumo unajisasisha wenyewe nyuma ya pazia, ujumbe unataja namba ya mchakato unaoshika kufuli. Subiri umalize. Anayekuambia ufute faili ya kufuli hatakuwepo paketi zikivurugika. Na amri inayochota kitu mtandaoni na kukimwaga moja kwa moja kwenye `sudo bash`, ipakue kwanza uisome, hata kama utaelewa nusu.

Tatizo likiisha, rudi kundini siku hiyohiyo uandike ujumbe wa kosa neno kwa neno, amri iliyoponya, na toleo la mfumo wako. Usiseme "imepona, asanteni" ukatoweka. Mwenye kosa hilo wiki ijayo atatafuta kwa maneno ya kosa, na shukrani zako hazitamtokea.