Re: Seli zinajuaje kuwa oksijeni imepungua?
Mkuu, umeuliza mzamia pweza wa Msimbati akibana pumzi, seli zake zinajuaje hewa imepungua. Kwa dakika moja mbili hizo, kazi kubwa ni ya ubongo na moyo. Utaratibu wa seli zenyewe unataka muda zaidi.

Seli hutengeneza protini iitwayo HIF mfululizo. Oksijeni ikiwa ya kutosha, vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini) huitia alama, nayo husagwa ndani ya dakika chache. Yaani inaundwa ili ivunjwe! Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. HIF inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Figo zinatoa homoni ya erithropoietini, uboho unaongeza chembe nyekundu za damu, seli zinageukia kuvunja sukari bila oksijeni. Wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin walipewa Nobel ya tiba 2019 kwa kulifumbua hili.

Ila kiungo kilichokosa damu muda mrefu kikirudishiwa ghafla, nako balaa: mitokondria (vinu vya nishati vya seli) hutema chembechembe haribifu zinazochachisha mafuta ya utando wa seli, kama korosho zilizobanguliwa zikiachwa wazi. Tofauti ni kwamba seli hai ina vimeng'enya vya kuzima chembechembe hizo, katalasi ikiwemo.